Upande wa Kulia Ulikuwa Mkavu

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya pikipiki lilikuwa usafi. Nilikuwa siigusi pikipiki yenye matope. Dereva wa pikipiki za abiria, ambaye hapa Kigali tunamwita motari, akifika na moto yake, yaani pikipiki, imechafuka, nilimwambia aende kwanza kinamba, pale wanapooshea magari na pikipiki, kisha arudi. Nilijiona fundi wa kiwango. Nilikuwa na glavu, nilikuwa na kitambaa cheupe, na nilibandika maandishi ukutani: HATUTENGENEZI PIKIPIKI CHAFU. Papa Dodo, fundi kutoka Bukavu tuliyepanga naye kiwanja kimoja nyuma ya soko la Kimironko, aliyasoma maandishi yale akanigeukia. "Weye uko fundi ao uko mu kliniki?"

Kuanzia siku hiyo kiwanja kizima kikaniita Dogiteri, yaani daktari. Nilijifanya nachukia. Moyoni nililipenda jina hilo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa kwa sababu mnakuja dukani ninakouza vipuri, mnaniuliza habari za shokabu inayovuja, na sijawahi kupata nafasi ya kuwajibu mpaka mwisho. Mteja mwingine anaingia, mnaondoka na nusu ya jibu. Mimi mwenyewe niliishi kwa nusu za majibu na najua zinafikisha wapi. Msinichukulie kama mzee. Nina miaka thelathini na tatu, na niliacha kufungua pikipiki mapema kuliko wenzangu. Sababu mtaisoma.

Sikuwa na mwalimu. Nilikulia Karagwe, Tanzania, na wazazi waliporudi Rwanda tukakaa Kabuga, mashariki ya mji. Hapo nilifungua pikipiki ya shemeji yangu bila kumwomba, nikifuata video kwenye simu iliyopasuka kioo. Niliirudisha ikiwa nzima, ila nilibaki na washa moja mkononi, ile pete ya bati inayokaa chini ya nati, ambayo sikujua ilitoka wapi. Shemeji aliendesha pikipiki hiyo miaka mingi bila tatizo lolote, na mimi miaka hiyo yote nilikuwa nikiamka na kuiwaza ile washa. Ndivyo nilivyo. Kama na wewe uko hivyo, kazi hii itakukubali haraka, kisha itakula.

Kule Karagwe tuliita kifaa hiki shokabu. Hapa Kigali wengi husema amoritiseri. Ni kitu kilekile: mtungi mwembamba wenye oili ndani, fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, na springi inayouzunguka. Nyuma ya pikipiki ziko mbili, kushoto na kulia kwa gurudumu. Springi inabeba uzito. Oili inaituliza springi isirukeruke. Mdomoni mwa mtungi kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Sili ikichakaa oili inatoka kidogo kidogo, na siku moja springi inabaki peke yake. Springi iliyobaki peke yake haina adabu. Ukipita kwenye tuta, inakurusha, inakurusha tena, na ya tatu inakurusha wakati tayari umeshaingia kwenye kona.

Kuibana springi ili uitoe ndiyo sehemu ya kwanza ya kuogopa. Siku hizi kuna kifaa chenye skrubu mbili, nunueni. Sisi tulibana kwa nguvu za mwili: mmoja analalia kipande cha bomba, mwingine anachomoa kabali, kipande cha chuma kinachoishikilia springi. Mara moja nililalia vibaya. Springi ilipita karibu na sikio langu, ikaruka ukuta wa mabati, ikatua katika beseni la parachichi la mama mmoja upande wa sokoni. Mama yule alikuja ameishika kwa kitambaa kama mtu aliyeshika nyoka.

"Hii ni ya nani?"

Papa Dodo akaninyooshea kidole bila kuinua kichwa. "Ya Dogiteri. Ilikuwa naenda kuokota mgonjwa."

Nililipa maparachichi yote yaliyopondeka, na kiwanja kikala parachichi mpaka watu wakaniomba nisilalie springi tena.

Kosa jingine: nilikuwa najaza oili mpaka juu. Sikupenda kuona nafasi tupu, nilidhani nafasi tupu ni uvivu. Lakini oili haibanwi. Fimbo inapoingia lazima kuwe na hewa kidogo ya kuipisha. Motari niliyemjazia hivyo alirudi amesimama juu ya vikanyagio vyote viwili, kama mtu anayechungulia ng'ambo ya ua. "Dogiteri," akasema, "umeniwekea mti?"

Na fimbo yenyewe. Kabla hujaweka sili mpya, pitisha ukucha juu ya fimbo taratibu, kuizunguka yote. Ukucha ukikwama hata kidogo, pana kovu la kutu, na kovu hilo litaikata sili mpya kama lilivyoikata ya zamani. Mimi nilimbadilishia mtu mmoja sili mara kadhaa, kila mara nikilaumu mwenye duka, mpaka Papa Dodo alipouchukua mkono wangu, akautoa kwenye glavu, akauweka juu ya fimbo. Ndani ya glavu nilikuwa sisikii kitu.

Haya yote yalikuwa makosa ya kuchekesha. Sasa nije kwa Vedaste.

Vedaste alikuwa motari wa Kimironko, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Aliendesha pikipiki za watu wengine miaka mingi mpaka akapata ya kwake, na hiyo ya kwake aliipenda kwa namna iliyonifurahisha. Aliifunika kiti kwa kitambaa jua likiwa kali. Abiria akipanda na viatu vya matope alimwomba kwa heshima avipanguse. Tulielewana.

Alikuja msimu wa mvua. Pikipiki ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka chini ya kiti.

"Dogiteri, moto yangu iko nalia."

"Upande gani?"

"Kushoto. Angalia soksi." Akapandisha suruali. Soksi ilikuwa na doa jeusi la oili.

"Nenda kinamba kwanza."

"Sha, fungua tu. Nina mteja wangu wa Kiyovu, yule dada wa hoteli, ananingoja."

"Sifungui matope, Vedaste. Mchanga ukiingia ndani, sili mpya inakufa wiki ileile."

Hilo la mchanga ni kweli. Nataka mlijue, kwa sababu kosa langu halikuwa la uongo mtupu. Lilikuwa limeshika mkono wa jambo la kweli, ndiyo maana nilikaa nalo muda mrefu bila kuliona.

Akaenda, akarudi. Pikipiki iling'aa kama ya harusi. Nilitoa shokabu ya kushoto, nikaifungua, nikapitisha ukucha, fimbo ilikuwa nzuri. Nikaweka sili mpya na oili ya kipimo sahihi, nikaifunga, nikailaza juu ya karatasi nyeupe mpaka kesho yake. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe vilevile. Nilipiga picha. Sijui nilitaka kumwonyesha nani.

Ya kulia niliipangusa kwa kitambaa changu cheupe. Kitambaa kilitoka cheupe.

Papa Dodo alikuwa amechuchumaa pembeni akinywa chai ya maziwa. "Na ile ingine, uliishusha?"

"Haivuji, Papa."

"Sikukuuliza kama inavuja."

"Ni kavu kabisa. Angalia." Nikamwonyesha kitambaa.

Aliangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akarudi kwenye chai yake. Vedaste alikuwa amesimama na kofia ngumu mbili mkononi, ya kwake na ya abiria, akitaka kuondoka. Nilifunga kazi. Nilikaza nati zote nikarudia kuzikaza. Alipowasha na kutoka, niliangalia nyuma ya pikipiki mpaka ilipopotea kwenye kona, na nilikuwa na furaha ambayo huwa siipati mara nyingi, ya kuona kitu kimekwisha na hakina kasoro.

Siku chache baadaye, mchana, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, simu ya Papa Dodo ililia. Alisikiliza, akasema "ehee, ehee," akaizima.

"Vedaste iko chini. Kiyovu, ku mteremko."

Yaliyotokea tuliyapata vipande vipande kutoka kwa motari wenzake. Alikuwa amembeba yule dada wa hoteli. Wakishuka, kwenye kona, nyuma ya pikipiki ilianza kucheza, kushoto, kulia, kushoto. Alifunga breki, na lami ilikuwa na maji. Dada alitelezea kwenye majani akachubuka viganja. Pikipiki ilimwangukia Vedaste na paja lake likawa kati ya injini na ukingo wa mawe wa barabara.

Polisi walipoiachia pikipiki, Papa Dodo ndiye aliyekwenda kuichukua. Hakuniita. Niliporudi kutoka kununua vipuri nilikuta amezitoa shokabu zote mbili, amezitoa springi, amezipanga juu ya meza ya kazi, ya kushoto na ya kulia, kama mtu anayepanga vyombo vya chakula.

"Sukuma hii," akasema.

Niliisukuma fimbo ya kushoto, ile niliyoitengeneza. Ilishuka polepole, kwa uzito, kama mkono unaoingia kwenye asali. Nilipoivuta ikarudi vilevile.

"Sukuma hii."

Ya kulia niliigusa tu, ikadondoka mpaka mwisho. Nilipoivuta ilikuja bila kukataa. Ndani hamkuwa na kitu. Ilitoa sauti kama pampu ya baiskeli iliyokufa.

Ilikuwa kavu kwa sababu oili yake ilikwisha zamani. Ilivuja miezi na miezi, tone kwa tone, na tone likishika vumbi huwa tope jeusi chini ya mtungi, na tope hilo ndilo ushahidi pekee unaobaki. Kigali ni mji wa usafi. Motari huosha pikipiki yake karibu kila siku, maana pikipiki chafu haipati abiria na inaweza kukuletea maneno barabarani. Hivyo ushahidi huoshwa kila siku. Na uliokuwa umebaki siku ile, udongo wa chini ya kiti usiofikiwa na maji ya kila siku, mimi ndiye niliyemtuma aende kuuosha kabla sijautazama.

Ya kushoto, iliyokuwa inavuja mbele ya macho yetu, ndiyo iliyokuwa bado na uhai. Nilipoitengeneza ikawa ngumu na nzuri, na ya kulia ikawa hewa. Upande mmoja unashika, upande wa pili hauko. Barabarani palipo sawa huwezi kujua.

Nilimngoja Papa Dodo anitukane. Alifuta mikono, akasema, "Kula kwanza. Tutaongea."

Kwa hiyo hili ndilo jibu ambalo huwa mnaondoka na nusu yake. Pikipiki ikija, iangalie ikiwa chafu. Inama, tazama chini ya mtungi, pande zote mbili, tafuta tope lililo jeusi na lenye mafuta kuliko tope jingine. Kisha ndiyo uioshe. Ukishaosha, shusha zote mbili, hata kama mwenye pikipiki anakasirika na abiria anamngoja. Sukuma kila fimbo kwa kiganja, bila glavu. Kitambaa hakijui kitu, mkono ndio unaojua. Na kama moja inavuja, usimwambie mteja kwamba ya pili ni nzima kwa sababu haivuji. Zilizaliwa siku moja na zimebeba uzito uleule.

Niliyaondoa yale maandishi ukutani. Hakuna aliyeuliza.

Kwenda kumwona Vedaste kulinichukua muda mrefu kuliko inavyofaa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani Kabuga, si mbali na kwetu, sikuwa na kisingizio tena. Mkewe, Mama Keza, alinikaribisha, akaniletea fanta, akakaa nasi. Vedaste alikuwa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto. Alikuwa amepungua.

"Dogiteri," akasema. "Umekuja kunipima?"

Nilimweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani ndani ya basi, yakatoka yote kwa mkupuo bila mpangilio: ya kulia, oili, kinamba, kitambaa. Mama Keza alikuwa akiangalia sakafu.

Vedaste alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, taratibu, "Yule mtu wa kinamba aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Alisema, 'Huku pia kuna oili, upande wa kulia, chini.' Mimi nikamwambia osha tu, fundi wangu ataona. Nikamwambia, yule haachi kitu."

Mama Keza alisimama akaingia ndani. Mimi nilikaa na ile fanta mkononi. Sijawahi kusifiwa kazi yangu kwa namna mbaya kuliko hiyo, na Vedaste hakuwa na nia ya kunichoma. Alikuwa anasimulia tu.

"Ihangane," akaniambia. Kwa Kinyarwanda ni neno la kumpa pole mwenzako, na yeye ndiye aliyekuwa amelala. "Mfupa utaunga. Wewe nitengenezee moto yangu, nikisimama niikute iko tayari. Nyumba hii inakula kwa hiyo moto."

Hilo ndilo lililobaki. Nilijiambia nikiitengeneza vizuri, na yeye akirudi barabarani, mambo yatakuwa yamerudi mahali pake. Niliweka shokabu mpya mbili. Nilibadilisha bushi, zile pete za ndani, za mkono unaoshika gurudumu la nyuma, maana nazo zilikuwa zimelegea na zilichangia kule kucheza. Nilinyoosha vikanyagio. Nikaisimamisha ndani ya kiwanja chini ya turubai.

Kisha nikaanza kuifungua tena. Nitasema ukweli wote hapa. Vedaste alipoanza kutembea kwa gongo, kisha bila gongo, akichechemea, alikuja kiwanjani kuulizia, nami nikamwambia bado kidogo. Hakukuwa na kilichobaki. Nilikuwa nakaza nati, nazilegeza, nazikaza. Nilimwambia shokabu zinahitaji kukaa. Shokabu hazihitaji kukaa. Alikuja tena, akakaa kwenye benchi kutwa, akitania wateja, akiangalia turubai.

"Dogiteri, hii moto imelazwa wodi gani? Mie nilitoka hospitali mbele yake."

"Kesho, Vedaste."

Alipoondoka Papa Dodo aliweka spana chini. "Petit," akasema, yaani mdogo wangu. "Utoe moto ya mtu."

"Nataka niwe na uhakika."

"Hautakuwa. Mie niko na miaka mingi mu kazi hii, sijapata hata siku moja. Mutu anapanda, anaenda, weye unabaki na roho mu mukono. Ni vile. Utoe moto ya mtu."

Nilimpigia Vedaste simu mbele ya Papa Dodo.

Alikuja asubuhi amevaa ile fulana yake ya kazi, imefuliwa na kupigwa pasi. Alizunguka pikipiki, akakandamiza kiti kwa mikono miwili. Nyuma ilishuka na kupanda, mara moja tu, ikatulia. Alitabasamu. Alipanda kwa shida kwa sababu ya mguu, akawasha, akakaa akisikiliza injini. Halafu akachukua ile kofia ya abiria akaninyooshea.

"Panda."

"Mimi?"

"Abiria wangu wa kwanza awe fundi. Nipe bahati."

Sikuweza kukataa, watu wote wa kiwanja walikuwa wanatazama. Nilipanda, nikashika chuma cha nyuma. Tulitoka taratibu, tukapita mafundi cherehani wa upande wa soko, wakampungia mkono. "Vedaste amerudi," mmoja akasema. Motari waliokuwa kwenye kituo chao walipiga honi. Alikuwa anaendesha vizuri. Nilisikia mgongo wake ukilegea, ukirudi kuwa mgongo wa mtu anayejua kazi yake. Tulipita tuta la kwanza, nyuma ikashuka, ikapanda, ikatulia.

Kisha barabara ikaanza kuteremka.

Sikujijua ninachofanya. Niliinama upande wa kulia kutazama chini. Nilitaka kuiona fimbo ikiingia na kutoka. Nikajirudisha, nikainama tena. Wote mliowahi kubeba mtu mnajua abiria akiinama upande mmoja kwenye mteremko pikipiki inafanya nini. Ilivuta kidogo. Vedaste akairudisha.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna."

"Dogiteri. Unaangalia nini huko chini?"

"Ya kulia," nikasema.

Alipunguza mwendo, akasogea pembeni, akasimama. Mbele yetu mteremko ulikuwa mrefu na mkavu, jua linawaka, pikipiki nyingine zinatupita zikishuka na abiria wanaoongea kwenye simu. Aliweka miguu yote miwili chini. Injini ilikuwa inanguruma polepole, na kupitia kiti nilihisi paja lake, lile lililovunjika, likitetemeka. Nilidhani ni lake peke yake. Baadaye nilitazama mikono yangu kwenye kile chuma, na ilikuwa inatetemeka pia, na sikujua tena ni nani aliyemwanzisha mwenzake.

Kisha akazima injini.

"Hizi mbili ziko sawa?" akauliza, bila kugeuka.

"Ziko sawa. Naapa, Vedaste. Ziko sawa kabisa."

"Najua. Nimezisikia." Akavua kofia. "Lakini wewe mwenyewe uliyezifunga unaogopa kuzikalia. Mimi kila siku nitabeba watu wanaokaa hapo ulipokaa. Nikishuka hapa nitakuwa nawaza wanaangalia nini."

"Hao hawajui kitu. Hawaangalii."

"Mimi nitakuwa najua."

Nilimwambia aniache nishuke, ajaribu peke yake. Nilimwambia kosa ni langu, si la pikipiki. Nilisema mengi. Alitikisa kichwa kwa upole, kama anavyomkatalia mtu anayeomba kubebwa na mizigo mingi mno.

Tuliisukuma kurudi juu. Yeye alishika usukani, mimi nilisukuma kutoka nyuma, na kwa sababu ya mguu wake tulipumzika mara nyingi. Motari mmoja alisimama kutuuliza kama mafuta yamekwisha. Vedaste akamwambia ndiyo.

Alijaribu tena baadaye bila mimi. Mama Keza ndiye aliyeniambia. Alifika palepale, akasimama palepale. Baada ya hapo hakujaribu tena, akaiuza.

Mimi niliendelea na kazi kwa muda. Kazi yangu ilikuwa bora kuliko zamani, hilo nalisema bila kuona haya: sikumwachia mtu shokabu nisiyoisukuma kwa kiganja. Lakini kila pikipiki iliyotoka mlangoni nilitoka nayo. Nilikuwa nasimama barabarani nikihesabu kona ambazo mtu atapita. Mikono ilianza kutetemeka hata wakati wa kuweka kabali ndogo, na fundi ambaye mikono yake inatetemeka springi ikiwa imebanwa atamuumiza mtu. Nilimwambia Papa Dodo naondoka. Hakunibembeleza. Alisema, "Chukua jiliwa yako," ile ya kubania vyuma, nikamwachia.

Sikuwaandikia haya ili muogope kama mimi. Kuogopa kwangu ndiko kulikomwondoa Vedaste barabarani. Uangalifu wote uwe kabla pikipiki haijatoka mlangoni. Ikishatoka, kaa chini, kunywa maji, mwache mtu aende.

Mengi yamegeuka. Pikipiki za umeme zimejaa mjini, hazingurumi, lakini nyuma zina shokabu zilezile, na bado zinavuja. Ni mafundi wachache wanaozifungua. Wengi hununua mpya. Dukani kwetu tunaziuza mbili katika boksi moja, na anayetaka moja hatumuuzii.

Pikipiki ya Vedaste bado iko barabarani. Nimeiona Remera ikiwa na dereva kijana, mara mbili siku moja na kila mara na abiria tofauti, nyuma imetulia. Vedaste ni mlinzi wa ghala huko Kabuga. Anakwenda kazini kwa basi, na tukikutana kituoni tunasalimiana na kupanda pamoja.